Simu Inasema Hewa ya Mtwara ni Safi, Macho Yanatoka Machozi

Jioni moja ya Agosti mpwa wangu aliyeko Dar es Salaam alinitumia picha ya skrini ya simu yake. Ilikuwa na jina la Mtwara, kiduara cha kijani na namba 42. Chini ameandika: "Shikamoo mjomba, hongereni, huko mnavuta hewa safi." Nilikuwa nimekaa uani, macho yananitoka machozi. Jirani wa kushoto alikuwa anachoma majani ya mwembe yaliyochanganyika na mifuko ya plastiki na pampasi za mtoto. Jirani wa kulia ndiyo kwanza anawasha mkaa. Ndani kwetu kuna mtu alikuwa ameshawasha dawa ya mbu, ile ya mzunguko kama konokono, na mlango ameufunga ili "isipotee bure".

Namba ile haikudanganya. Ilisema habari za hewa ambayo mimi sikuwa naivuta.

Tuanze na namba yenyewe, maana watu wanaisoma kama wanavyosoma joto la siku, na haiko hivyo. Programu nyingi za simu hutumia kielezo cha Marekani cha ubora wa hewa kiitwacho AQI, kinachoanzia 0 na kupanda hadi 500; namba ikipanda, hewa ni chafu zaidi. Kijani ni 0 hadi 50, njano 51 hadi 100, halafu rangi ya chungwa, nyekundu, zambarau, na mwisho rangi ya damu ya mzee. Kielezo hicho hakipimi kitu chenyewe. Ni tafsiri ya vipimo vya vichafuzi kadhaa, na mara nyingi kinachoamua rangi ni chembe ndogo ziitwazo PM2.5, yaani chembe zenye upana usiozidi mikromita 2.5. Unywele wa kichwani una upana wa mikromita 50 hadi 70 hivi, kwa hiyo chembe kubwa kabisa katika kundi hili zingeweza kupangwa ishirini au zaidi ndani ya upana wa unywele mmoja.

Udogo huo ndio hatari yake. Vumbi la barabarani, lile linalokaa juu ya meza ukaliandika jina lako kwa kidole, sehemu yake kubwa ni chembe nene. Pua inazinasa, koo linazikohoa, unapenga kamasi jeusi mambo yanaisha. Moshi ni habari nyingine. Chembe zake hupita pua na koo, zikashuka hadi kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu ambako hewa hukutana na damu, na zile ndogo zaidi huingia kwenye damu yenyewe. Ndiyo maana moshi wa miaka mingi hauishii kwenye kikohozi. Unahusishwa na kiharusi na ugonjwa wa moyo, vitu ambavyo hapa kwetu tumezoea kuvilaumu kwa chumvi na mawazo peke yake.

Rangi nayo ina ujanja wake. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2021, linashauri PM2.5 isizidi mikrogramu 15 katika kila mita ya ujazo wa hewa kwa wastani wa siku, na 5 kwa wastani wa mwaka. Kielezo cha Marekani kilirekebishwa 2024. Sasa 50 ni sawa na mikrogramu 9, na 100 ni sawa na 35.4. Piga hesabu: namba 80, njano tulivu ambayo watu wanaiita "siyo mbaya", ni karibu mikrogramu 25. Hiyo imeshavuka kiwango cha siku cha Shirika la Afya. Ile 42 ya mpwa wangu ni kama mikrogramu 7 na nusu, na kwa mji hiyo ni hewa nzuri kweli.

Ila ni hewa ya wapi? Hapo ndipo penye fundo. Namba nyingi zinazoonyeshwa kwa miji midogo hazitoki kwenye kifaa kilichofungwa mtaani. Ni makadirio ya kompyuta yanayochanganya picha za satelaiti, hali ya upepo na takwimu za moto na magari. Modeli ya dunia nzima ya Ulaya, ambayo programu kadhaa huchota kwake, huikata dunia katika miraba ya takriban kilomita 40 kila upande. Weka mraba kama huo juu ya Mtwara mjini. Utakuta umeimeza Shangani, Chikongola, Mikindani na Naliendele kwa pamoja, ukaongeza mashamba ya mikorosho na kipande kizuri cha Bahari ya Hindi. Bahari haipiki wala haichomi taka. Ukichukua wastani wa bahari na uani kwetu, uani kwetu unapotea.

Makadirio hayo yana kazi yake, nisiyatukane. Mwishoni mwa kiangazi, mapori yanapochomwa huku kusini na ng'ambo ya Ruvuma upande wa Msumbiji, moshi husafiri mamia ya kilomita, na modeli inauona vizuri kuliko wewe uliye ndani yake. Ukiona namba imepanda siku tatu mfululizo, amini. Kitu isichokiona ni pampasi za jirani. Na ukitaka kujua kama unasoma kifaa au makadirio, bonyeza ile namba: kifaa cha kweli kwa kawaida kina jina la mahali kilipofungwa, na namba yake huruka juu na chini kwa saa za kupika na za magari. Makadirio hupanda na kushuka polepole kama maji kupwa na kujaa.

Sasa hesabu iliyonibadilisha mimi. Mapafu hayajali umevutia wapi, yanajumlisha. Tuseme mama anakaa saa 3 kwa siku mbele ya mafiga, kwenye moshi wa kuni wa mikrogramu 500, na saa 21 zilizobaki yuko kwenye hewa ya 15. Namba ya 500 nimeichagua kwa mfano tu, lakini siyo ya kutisha watu: jiko la kuni lililobanwa hufika mamia kirahisi na hata kupita elfu. Wastani wake wa siku ni karibu 76. Serikali ikisafisha mji mzima, hewa ya nje ikashuka kutoka 15 hadi 10, wastani wa mama huyu utashuka hadi 71. Lakini ikiwa mji unabaki ulivyo na yeye anaondoa moshi jikoni hadi ubaki 100, wastani unaporomoka hadi 26 hivi. Saa tatu zinazishinda saa ishirini na moja.

Kwa mji kama Mtwara, au Lindi, unaopigwa na upepo wa bahari karibu kila mchana, hesabu hiyo inamaanisha kwamba hewa chafu kuliko zote mara nyingi iko ndani ya ukuta wetu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi wa nyumbani ulihusika na vifo milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020. Hao hawakuuawa na viwanda.

Na sisi tunakaa juu ya gesi. Ya Songo Songo, kule Kilwa, iligunduliwa 1974, ya Mnazi Bay 1982, na baadhi ya nyumba za mikoa hii miwili zimeshaunganishwa bomba. Wengi bado tuko na seredani. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa 2024, unataka Watanzania 80 kati ya kila 100 wawe wamehamia kwenye nishati safi ifikapo 2034. Ni jambo jema, ila chakula cha leo jioni hakisubiri 2034, kwa hiyo tuseme ya mkaa.

Mkaa unatuchanganya kwa sababu una tabia mbili. Unapowashwa hutoa moshi mwingi, hasa ukiwashwa kwa mfuko wa plastiki, mtindo ambao sijui nani alituletea. Ukishakolea, moshi unakatika, makaa yanakuwa mekundu, na watu wanasema "sasa limekuwa safi, liingize ndani". Hapo chembe zimepungua kweli, lakini makaa mekundu yanaendelea kutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu, rangi wala mwasho. Hii hujishika kwenye damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, na damu iliyoshikwa nayo haibebi tena oksijeni. Dalili ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu. Mtu anadhani ni malaria, analala, na kwa bahati mbaya haamki.

Nyakati mbili zinanitia hofu. Ya kwanza ni mvua za Desemba mpaka Aprili, mwenye chumba cha kupanga anapoingiza jiko ndani, anabandika maharage, anafunga mlango kuzuia manyunyu na kusinzia. Ya pili ni mzazi aliye ndani ya arobaini. Wako wanaomtia joto kwa mkaa chumbani, pamoja na ubani, madirisha yamezibwa asipigwe na upepo. Bibi zetu walifanya hivyo kwenye nyumba za udongo na makuti ambazo upepo ulipenya kila pembe. Chumba cha tofali chenye dari ya jipsamu na dirisha la kioo ni kitu kingine kabisa. Joto la mzazi litafutwe kwenye blanketi na maji ya moto, jiko libaki nje, na mtoto wa siku kumi asivutishwe ubani hata kama bibi atanuna.

Kwa jiko lililo nje, mambo madogo yana uzito. Washa kwa vijiti vikavu au kifuu, acha makumbi ambayo yanafuka. Subiri moshi ukatike kabla ya kulisogeza chini ya upenu. Loweka maharage tangu usiku na funika sufuria, maana kila nusu saa unayoipunguza motoni ni nusu saa ya moshi usioivuta. Kaa upande upepo unakotoka, siyo unakokwenda, na mtoto asiwe mgongoni wakati huo. Mwenye mtungi wa gesi ajue jambo moja: gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja hulala sakafuni, kwa hiyo fungua mlango ili itoke chini. Ya bomba, gesi asilia yetu, ni nyepesi na hupanda darini. Pua inaweza kunusa zote mbili, lakini mahali pa kuitolea ni tofauti.

Nirudi kwenye ile dawa ya mbu. Watafiti waliochapisha matokeo yao 2003 walipima moshi wa koili na kukuta kwamba moja, ikiungua mpaka mwisho, hutoa PM2.5 sawa na sigara kati ya 75 na 137. Nilipomsomea mke wangu aliuliza kama malaria nayo huwa wanaipima kwa sigara. Swali la haki. Mikoa yetu ina malaria ya kutosha, na mtu hawezi kuambiwa achague mapafu aache damu. Lakini chandarua chenye dawa, kilichochomekwa chini ya godoro, kinazuia mbu bila kutoa chembe hata moja. Koili, ikibidi, iwashwe kibarazani mnapokaa kuzungumza, ambako upepo unapita, na izimwe kabla ya kulala.

Kuna moshi na vumbi ambavyo ni vyetu peke yetu, watu wa korosho. Kuanzia Juni hivi, mikorosho inapochipua na kutoa maua, mashine za kupulizia salfa zinaanza kunguruma alfajiri kwa ajili ya ugonjwa wa ubwiriunga. Watu hupuliza saa hizo kwa sababu hewa imetulia na majani yana umande unaoishika poda. Hewa hiyo hiyo iliyotulia huliacha wingu la salfa lining'inie juu ya nyumba za kando ya shamba. Salfa huwasha macho na koo, na mwenye pumu huisikia kabla hajaiona. Kama shamba linapakana na nyumba, hii ndiyo saa ya kufunga dirisha, upande wa shamba tu, mpaka jua lipande na upepo uanze. Aliyetoka kupuliza avulie nguo nje. Na mifuko ya salfa isilale chumbani wala karibu na jiko: salfa inashika moto haraka, na moshi wake, gesi ya dioksidi ya salfa, unabana kifua kiasi cha kumtoa mtu mbio. Najua kwa nini mifuko inalazwa chumbani. Ni mali, na wezi wapo. Basi itafutiwe stoo yenye mlango wake.

Maganda ya korosho nayo yanashawishi. Yanawaka kwa ukali kwa sababu ya mafuta yaliyomo, na kuni zina bei. Wabanguaji wanayajua mafuta hayo kwa ngozi ya vidole vyao inavyobabuka. Ukiyachoma, sehemu ya mafuta hayo inapaa na moshi na kutua machoni na kooni. Kukaangia korosho uani penye watoto, au kuyafanya maganda kuni za ugali, ni kuhamisha kile kilichobabua vidole kikababue ndani.

Vumbi la malori nitalipitia haraka. Makaa ya mawe kutoka mkoa wa Ruvuma yanapita barabarani kwenda bandari ya Mtwara, na vumbi la barabara limekuwa sehemu ya maisha ya walio kando yake. Sehemu kubwa ni chembe nene: linakera na linawaumiza wenye pumu, lakini linazuilika zaidi ya moshi. Nyunyiza maji kabla ya kufagia, piga deki badala ya kutimua kwa ufagio wa njukuti, na osha wavu wa dirisha. Wavu uliojaa vumbi unazuia hewa kama kitambaa.

Nyumba nayo ina upepo wake. Wazee waliojenga nyumba za Kiswahili, korido katikati, vyumba pande mbili, uani nyuma, walijua wanachofanya. Mlango wa mbele na wa nyuma vikiwa wazi, korido inakuwa bomba la upepo. Tumekuja sisi tukaziba: dari imekata nafasi iliyokuwa kati ya ukuta na bati, na dirisha la alminiamu la kuteleza, hata ukilifungua lote, linafunguka nusu tu. Kisha mpangaji wa chumba cha mwisho anapikia koridoni, na bomba lililoleta upepo linaleta moshi kwa vyumba vyote.

Kubadilisha hewa si sawa na kumwaga ndoo. Hewa mpya inapoingia inachanganyika na ya zamani, kwa hiyo chumba kikiingiza hewa inayolingana na ujazo wake mara moja, bado zaidi kidogo ya theluthi ya moshi hubaki. Inahitaji mara tatu hivi kufikia asilimia 5. Kwa dirisha moja nusu wazi hiyo inaweza kuchukua saa kadhaa. Kwa dirisha na mlango vinavyotazamana siku ya kusi, ni dakika chache. Kwa hiyo ukikaanga samaki, usifungue baada ya kumaliza. Fungua kabla, na uache wazi muda baada ya kuepua.

Saa mbaya za kufungua ni mbili: magharibi, kila uani unapowaka, na alfajiri. Usiku ardhi hupoa, upepo wa bahari hufa, na hewa ya baridi hulala chini kama shuka. Moshi wa usiku unakaa ndani ya shuka hilo mpaka jua lipashe ardhi. Kwa hiyo wale wanaokimbia mazoezi saa kumi na moja asubuhi wakidhani ndiyo hewa safi kuliko zote, wangesogea hadi saa mbili tu wangepata nafuu.

Mtu ataniuliza habari za mashine za kusafisha hewa. Zinafanya kazi, kama zina kichujio kizuri na chumba kimefungwa. Nyumba zetu hazifungiki, umeme ni gharama, na kichujio hubadilishwa. Mimi ningempa ya kwanza mwenye mgonjwa wa mapafu, na wengine ningewaambia wanunue mtungi wa pili wa gesi kwa fedha hiyo. Maua ya ndani, yale yanayosifiwa mtandaoni kwamba yanasafisha hewa, yapande kwa uzuri wake: uchambuzi uliotoka 2019 ulionyesha ungehitaji kati ya mimea 10 na 1,000 katika kila mita ya mraba ili yashindane na dirisha lililo wazi. Barakoa ya kitambaa haizuii moshi; ya N95, ile iliyotengenezwa kuchuja chembe ndogo, inazuia, ikibana uso vizuri.

Kifaa nilichotumia mimi kujua nyumba yangu ni kijiti kimoja cha udi. Jioni, upepo ukiwa wa kawaida, nilikiwasha nikapita nacho: uani, mlango wa nyuma, korido, kila dirisha. Ukisimama tuli, uzi wa moshi unakuonyesha hewa inakokwenda. Niligundua kwamba tulipokuwa tunaweka seredani, moshi wote ulikuwa unaingia mlango wa nyuma na kupita koridoni hadi chumba cha watoto. Hatua saba kuelekea mpapai, uzi ulielekea ukutani na kupanda. Tukahamisha jiko siku hiyo hiyo. Hiyo ilikuwa kusi. Desemba ilipofika, kaskazi ikashika, nilirudia tena na udi wangu, na mpapai ukawa umegeuka mahali pabaya.